Uso Uliotundikwa kwa Jina la Mudosa

Nyinyi mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie namna ya kutunza picha za jumba letu la tamthilia. Nitaandika, lakini msitegemee habari za gundi na misumari peke yake. Gundi mtajifunza wenyewe, kwa kuharibu. Kitu ambacho hakuna atakayewafundisha ni kushuku. Tangu siku ya kwanza mpaka siku niliyokabidhi funguo nilishuku unyevu, nilishuku mende, nilishuku mafundi, wageni na madirekta, yaani wakurugenzi wa jumba. Wafu pia niliwashuku, na mmoja wao alinichukulia karibu miaka yangu yote ya kazi.

Siku ya kwanza nilifika Nyalukemba, mtaa wa Bukavu lilipo jumba letu, nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kazi yenyewe ni ya sanaa. Mvua ilikuwa imenyesha na kile kilima mnakijua. Papa Bahati, fundi wa kadre, yaani fremu za picha, alitazama matope ya viatu vyangu kwanza, kisha uso wangu. Alikuwa mzee mkavu mwenye penseli sikioni, na ndiye aliyekuwa akitunza picha zote za jumba kabla yangu. Akanipa kitambaa na kunionyesha picha iliyokuwa katikati ya ukuta wa ukumbi wa mbele.

"Pangusa kioo ya huyu muzee."

Nikaanza kutafuta ndoo. Akanishika mkono.

"Maman, maji iko ya kuoga. Huyu alishaogaka zamani."

Muzee mwenyewe alikuwa Mudosa. Nyinyi mmekua mkimkuta kila mahali, lakini labda atasoma mtu wa mbali, basi nieleze. Mudosa ndiye mwandishi mkubwa wa tamthilia katika mji wetu. Aliandika kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, kile ambacho walimu walikuwa wanakichapa kwa fimbo, akaweka ndani yake machifu wanaokoroma katikati ya baraza na maaskari wanaopigia mbuzi saluti. Hata mama wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambao hawajawahi kuingia katika jumba la tamthilia hugombana kwa maneno yake bila kujua ni yake. Zamani zile mzaha ulikuwa unaweza kukufunga. Habari tuliyopewa sisi wote ilikuwa fupi: Mudosa alikamatwa, akafungwa, akaachiliwa akiwa mgonjwa, akafia kisiwani Idjwi.

Picha ile ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, ya mtu kuanzia kichwa mpaka kiunoni. Alisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kifua mbele, kidevu juu, shati bila tai. Ilikuwa imechapishwa katika gazeti la utawala wa wakati ule, na chini yake imeandikwa kwamba huyu ndiye Mudosa. Baadaye utawala ulipoanguka na ofisi zikaporwa, mtu mmoja aliokota picha yenyewe, akaileta kwetu ameifunga ndani ya shati lake. Haikuwepo nyingine. Nyumba ya Mudosa ilichomwa na kila kilichokuwamo.

Papa Bahati alinifundisha mengi ambayo bado yanafaa. Kila kadre iwekewe vijiti viwili vya mbao kwa nyuma, ili isigandame ukutani, kwa sababu unyevu wa ziwa letu hupanda kupitia ukuta kama mwizi mwenye subira. Brashi iwe ya manyoya ya mbuzi. Usitundike picha pale jua la alasiri linapoingia dirishani. Usiamini msumari uliopigwa na mtu aliyekuwa akiongea. Na kuhusu kutazama picha alikuwa na neno moja.

"Usianze na uso," alisema. "Uso nao unakutazama, utashindwa. Anza na mikono."

Nikamwambia mikono ya Mudosa haionekani, iko nyuma ya mgongo.

"Njo nasema," akajibu, yaani ndilo analosema, akaenda kutafuta gundi yake.

Nilimsubiri aendelee. Hakuendelea, siku ile wala baadaye, na alipofariki aliondoka bila kuniambia alikuwa anajua nini. Lakini neno lake lilibaki likinikuna. Mtu anayekwenda studio kupiga picha hukunja mikono, au huishika mezani, au huweka kalamu kidoleni ikiwa ni mwandishi. Nani huificha nyuma?

Kisha zilianza sherehe. Kila sherehe ilimtaka Mudosa mpya, na kila Mudosa mpya alitengenezwa kwa kuazima picha yangu. Niseme hapa kwamba madirekta hawali karatasi kama mchwa, lakini wanaiazima, na matokeo yanakaribiana. Mchoraji wa kwanza alimchora kwa rangi za mafuta na kumfunga tai. Waliofuata walimchapa kwenye kitenge cha ukumbusho, na fundi wao akaona mwandishi bila miwani si mwandishi, akamvalisha miwani. Aliyemchora kwenye ukuta wa barabarani alimpa kitabu mkononi, mkono ambao ilibidi aubuni, na akamng'arisha ngozi. Kila sherehe marehemu alizidi kupona. Mwisho, mwaka jana, direkta wetu wa sasa alileta Mudosa aliyetengenezwa na kompyuta, ambaye alitabasamu kwa meno yote na kugeuza kichwa kidogo mkimtazama. Nilimwambia direkta kwamba huyu anafaa kuuza dawa ya meno. Hakucheka.

Mimi nilikuwa nikiziweka pamoja mezani, ya zamani na za kisasa, na kuzipitisha chini ya lupu, kile kioo cha kukuzia. Kitu kimoja kilinisumbua. Katika picha ya kwanza mdomo wa yule mtu uko wazi kidogo, kama wa mtu anayetafuta pumzi. Wote waliomchora kwa mkono walifunga ule mdomo. Hawakuwa wanajuana, wengine walikuwa hawajazaliwa wakati wengine wanakufa, lakini kila mmoja alifunga mdomo na kila mmoja alilainisha macho. Kama picha ni ya heshima tu, kwa nini kila anayeigusa anataka kuiponya?

Nilimuuliza Maître Déo. Huyu ni mtoto wa Mudosa, wa pekee, mwanasheria, mtu mwenye sauti ya mahakamani hata akiagiza chai. Baba yake alikufa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa anafuga ndevu kidogo kidevuni, kama za mtu wa pichani, na watu wote walimwambia anafanana kabisa na ile picha.

"Maman Noëlla," akaniambia, "papa alikuwa mutu wa kiburi. Alisimama vile mbele ya dunia. Wacha kutafuta mifupa katika maziwa."

Basi nikaacha kuuliza, sikuacha kushuku.

Mwaka jana huo huo alianza kuja mwanamke mmoja. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, wa kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa nguvu, na kikapu. Alikuja siku za soko, aliketi kwenye benchi la ukumbi wa mbele, akatazama picha ile ndogo ya Mudosa, akaondoka. Hakutazama mchoro wa rangi. Hakutazama kinyago chochote, wala mavazi ya waigizaji ambayo wageni wote huyakimbilia. Nyuma kidogo tulikuwa tumeibiwa michoro miwili kwenye ngazi, na mwizi wake alikuwa mtu mtaratibu vilevile, aliyetusalimia vizuri. Kwa hiyo mimi nilileta kiti changu kutoka buro, yaani ofisini, nikakiweka nyuma ya nguzo.

Mara ya kwanza nilimuuliza kwa upole.

"Maman, unatafuta nini?"

"Natazama tu, maman."

"Unatazamaka huyu mumoja. Bengine bote hautazamake?"

"Minapendaka tamthilia yake."

"Gani?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Akachukua kikapu chake. Nilimfuata mpaka mlangoni kwa macho, nikamwona akisimama barabarani akijipangusa uso kwa ncha ya kitambaa. Nikajiambia: wezi nao hulia wakishindwa.

Siku aliyorudi nilimkuta amesimama mbele ya picha, kiganja chake kimelala juu ya kioo. Simu yake ilikuwa katika mkono mwingine, imeelekezwa usoni pa yule mtu. Kupiga picha ni marufuku, na kugusa zaidi. Nikamshika mkono, kikapu kikining'inia kiwikoni, nikampeleka kwa direkta. Kwa bahati mbaya, au nzuri, Maître Déo alikuwa ndani. Walikuwa wakipanga sanamu ya kichwa cha Mudosa itakayowekwa mbele ya jumba, na pia jambo jingine ambalo nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza: picha ile ya zamani ingefungwa na kupelekwa Ulaya, kwa mkusanyaji mmoja aliyeiomba sana. Mahali pake pangekaa yule wa kompyuta.

Nilikuwa bado sijameza habari hiyo direkta aliposema, "Haya, maman, jieleze."

Mwanamke hakuketi. Aliweka kikapu chini.

"Naitwa Riziki. Natoka Luvungi. Ile foto iko ya papa yangu."

Maître Déo akavua miwani yake polepole, na mimi nikafahamu tumefika wapi. Watu wakubwa wakishakufa huendelea kuzaa. Nimeona watoto wa mapadri wakidai mashamba.

"Papa yangu hakukuwa na bibi mwengine," Déo akasema. "Sema tu unachotafuta. Haki ya vitabu vyake? Jina?"

"Hamujanisikia," Riziki akajibu. Aliinua kidevu. "Siko nasema niko mutoto wa Mudosa. Niko nasema ule haiko Mudosa. Ule iko Sadiki. Alikuwa analima Luvungi, na zamani, mbele ya kulima, alikuwa anacheza tamthilia hapa."

Direkta akacheka kidogo. Déo hakucheka.

Riziki akafungua kikapu, akatoa kitenge kilichokunjwa. Kilikuwa kile cha ukumbusho, bado na mng'ao wake wa dukani, hakijafuliwa hata mara moja. Akatueleza tulichokuwa tunakitazama. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto mdogo, hakubakiza picha yoyote. Miaka mingi baadaye, katika soko la Luvungi, mama yake alimwona mwanamke akipita amejifunga kitenge, na juu ya makalio ya yule mwanamke kuna uso wa mume wake. Mama alisimama katikati ya soko kama aliyepigwa. Akatafuta duka linalouza kitenge kile, akanunua, akakikunja, akakiweka chini ya mto. Hakukivaa. Alipokuwa anakaribia kufa ndipo alipomwambia Riziki: huyu ni baba yako, wamemwita Mudosa, usiniulize kwa nini, hakuwahi kuniambia vizuri.

"Aliniambia tu, 'Lakini papa yako hakuvaaka lunettes,'" Riziki akasema, akagusa ile miwani iliyochapwa kwenye kitambaa. "Siko nataka kitu. Nataka tu kumuona bila lunettes."

Déo akasimama. Alisema huo ni uongo uliopangwa, kwamba kitenge kimoja si ushahidi, kwamba mtu akitaka kuchafua marehemu atafute marehemu wa kwao. Aliondoka akigonga mlango. Direkta aliniambia nimtoe yule mama nje, kisha nilete picha buroni ifungwe kwa safari.

Nilimtoa nje. Lakini picha sikuileta. Nilimwambia direkta kwamba gundi ya kadre haijakauka. Kesho yake pia haikuwa imekauka. Gundi ile ilichelewa sana kukauka, kuliko gundi zote nilizowahi kutumia.

Msidhani nilikuwa nimemwamini Riziki. Nilimshuku kwa mkono mmoja na kumshuku direkta kwa mkono mwingine. Haraka ya kuipeleka ile picha Ulaya ilininukia, na hadithi ya kitenge nayo ilikuwa nzuri mno. Katika kazi hii, kitu kizuri mno kishikeni kwa ncha za vidole. Ila kulikuwa na mtu mmoja aliye hai ambaye hangeweza kukosea uso wa Mudosa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwonyesha picha na kumuuliza. Tulimwalika katika sherehe, akakataa kila mara kwa sababu ya miguu yake. Huyo alikuwa mjane, Maman Nsimire, aliyekuwa anaishi Idjwi kusini.

Nikamwambia Riziki tutakwenda pamoja, na kwamba kule mimi ndiye nitakayezungumza. Alikubali. Yeye ni mtu wa bonde la Ruzizi, hakuwa amewahi kupanda boti. Tulipotoka bandarini tu alinishika kanga mpaka vidole vikaingia nyamani, akatapika upande wangu. Mwizi gani anajitesa hivi, nilijiuliza, lakini nikajijibu kwamba wapo.

Maman Nsimire tulimkuta uani akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mdogo wa mwili, mweupe wa nywele, na macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Niliona kwenye kigoda kando yake simu, nikashuku Déo amenitangulia kumpigia. Basi nikapanga mtego. Sikumtaja Riziki ni nani. Nilisema huyu ni ndugu yangu amenisindikiza, nikaanza kuuliza habari za mvua.

Mzee hakunijibu habari za mvua. Alikuwa anamtazama Riziki.

"Weye, kuja hapa karibu."

Riziki akapiga magoti mbele ya ungo. Maman Nsimire akamshika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Unaogopa," akasema. "Papa yako naye akiogopa alikuwa anainua kidevu vile. Batu balifikiri ni kiburi. Uko wa Sadiki?"

Riziki aliinamisha kichwa juu ya maharage na mabega yake yakaanza kuruka. Mjane akamwacha alie, akaendelea kumshika shingoni kama mtoto wake, na mimi nilikaa pale na mtego wangu mkononi kama mtu aliyeleta panga harusini.

Kisha akatuelezea. Nitaiandika kama alivyoisema, bila kuongeza.

"Kulikuwa mazoezi, mchana. Mume wangu hakupendaka batu bamuone. Alikuwa anaandika na kupanga batu, lakini kusimama mbele, hapana. Siku ile bibi mumoja wa tamthilia alikuwa mugonjwa, ule anachezaka mukongwe. Mudosa akasema, leo nitashika nafasi yake. Akavaa kitenge, akajifunga kitambaa kwa kichwa, akakaa chini na fimbo. Maaskari bakaingia. Mukubwa wao akauliza: Mudosa ni nani hapa?"

Akatoa jiwe dogo katika maharage, akalitupa.

"Hakuna alisema. Akauliza tena, akashika kijana mumoja kwa nywele. Mume wangu akatafuta fimbo asimame. Sadiki alikuwa karibu yake. Akamukanyaga mukono pale chini, akamukandamiza na kiatu, na akasema: ni miye. Bakamuchukua. Maaskari balipita karibu na mukongwe, mumoja akamuambia hata pole. Mume wangu alirudi nyumbani na ile kitenge ya mwanamuke, mukono umevimba, analia kama mutoto."

"Hakuenda kujitoa?" nikauliza. Lilikuwa swali langu la kazi, siwezi kulizuia.

"Alitaka. Miye njo nilimukataza. Nilikuwa na Déo tumboni. Nilimuambia, ukienda batashika bote wawili, na Sadiki atafungwa tena juu ya kudanganya. Tukakimbilia huku. Gazeti ilipofika na ile foto, Mudosa aliiweka mbele yake siku nzima. Mikono ya Sadiki ilikuwa imefungwa nyuma na kamba. Walimupiga kwanza, kisha bakamusimamisha pale. Hamuoni anatafuta pumzi?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona miaka yote ile, na kuona hakukunifikisha popote.

Mudosa alikufa kisiwani kabla Sadiki hajatoka. Wakati Sadiki alipoachiliwa alikuwa hasikii sikio moja na anavuta mguu. Alipitia Idjwi usiku mmoja tu, akasalimia kaburi, akaenda kwao Luvungi kulima. Aliomba kitu kimoja, kwamba jambo lile lisisemwe, kwa sababu alikuwa anaogopa kurudishwa. Halafu akafa naye. Kundi la waigizaji lilikuwa limetawanyika, wengine ng'ambo ya mpaka, wengine ardhini.

"Na utawala ulipoanguka?" nikasema. "Walipotundika picha ile na jina la mume wako? Maman, kwa nini haukusema?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto.

"Mume wangu alibaki na jina yake, na tamthilia zake, na batu banamuimba. Sadiki alibaki na nini? Nikasema, basi apate ukuta. Kama wanamupa heshima na jina ya mwengine, si bado ni yeye wanamusalimia? Sikujuaka kama aliacha mutoto." Akamgeukia Riziki. "Ningejua, ningekutafuta. Kweli."

Akaongeza, karibu akicheka: "Na Déo wangu, banamuambia anafanana na foto! Nilikuwa nacheka ndani ya shuka. Na kisha nalia."

Tuliporudi Bukavu nilikwenda moja kwa moja kwa Maître Déo, kwa sababu habari kama hii haifai kumfikia mtu kupitia kwa direkta. Alinisikiliza akiwa amesimama. Alisema tumemnunua mama yake kwa machozi, kwamba mzee amechanganyikiwa. Nikamwambia jambo moja tu: aende mwenyewe. Mimi pia sikuwa nimeamini mpaka nilipofika.

Alikwenda. Hakupiga simu, hakujibu. Direkta alitumia nafasi hiyo kuniletea sanduku la mbao kwa ajili ya Ulaya, na akaniambia gundi ikauke leo. Nilimweleza aliyosema mjane. Alifikiri kidogo, akafunga mlango.

"Maman Noëlla, batu wanajua ule uso. Sanamu iko karibu. Tukisema haiko yeye, tutaweka nani? Mudosa hatakuwa na sura. Si afadhali ya uongo?"

Lilikuwa swali la kweli. Nilibaki na sanduku tupu mapajani.

Siku chache baadaye, asubuhi, Déo aliingia ukumbi wa mbele. Alikuwa amenyoa ndevu zake za kidevuni. Sikumtambua mara moja, na nadhani hata yeye alikuwa bado hajajitambua, maana alikuwa akijishikashika pale zilipokuwa. Riziki alikuwa kwenye benchi lake, nilikuwa nimempigia simu aje. Direkta alitoka buroni na maneno tayari mdomoni. Déo akainua kiganja.

"Sanamu ya ule uso na jina ya papa yangu, nakataza," akasema. Hakutumia sauti ya mahakamani. "Foto haitaenda Ulaya. Iko ya huyu maman."

"Na Mudosa?" direkta akauliza. "Tutamuonyesha batu namna gani?"

"Wacheze tamthilia zake. Maman yangu aliniambia papa alikuwa mufupi, na masikio makubwa. Hiyo njo yote niko nayo."

Tuliishusha picha, mimi na Riziki, kwa mikono minne. Nilimweleza kuhusu vijiti vya nyuma na unyevu, kwamba Luvungi kuna joto na asiitundike karibu na dirisha, nami nikaona hanisikii hata neno. Nilikuwa nimetengeneza nakala ya jumba siku zile gundi ilipokataa kukauka. Nilitundika nakala hiyo pale pale, na chini yake nikaandika jina la Sadiki na alichokifanya. Mchoro wa tai na yule wa meno niliwapeleka stoo, na kama mmemrudisha yule wa meno baada ya mimi kuondoka, nitasikia.

Déo alikuwa bado amesimama. Alimkaribia Riziki, akatazama chini.

"Dada," akasema, "nyumbani kwangu, sebuleni, niko na hii foto, kubwa. Toka nilikuwa kijana. Nikifaulu mutihani, namuonyesha. Nilipooa, nilimupelekea bibi yangu amusalimie. Sasa maman ameniambia, na sijui niiondoe namna gani. Mukono unakataa."

Riziki alifunga picha yake ndani ya kile kitenge ambacho hakijawahi kuvaliwa, akakaza fundo, kisha akamjibu.

"Usimuondoe. Alishazoea kwako. Lakini batoto bako bamuite jina yake."

Déo akatoa simu pale pale, mbele yetu sote, mbele ya direkta na wageni wawili waliokuwa wanasubiri kununua tiketi. Alipokelewa na mke wake.

"Wapi wako batoto?" akauliza, akakosea maneno, akaanza upya. "Batoto bako wapi? Baite bote sebuleni, basimame mbele ya ile foto. Hapana, hakuna amekufa. Niko na jina ya kubaambia."